Pedali ya Gitaa Bila Kumaliza Akiba: Chagua, Jaribu, Kisha Ulipe

Pesa ya pedali hupatikana polepole. Ni malipo ya harusi mbili tatu, ni shukrani kutoka kwa kwaya, ni mia mbili mia mbili unazoweka kwenye akiba ya simu kila jioni. Kuipoteza huchukua sekunde chache tu: unaweka namba, unaweka kiasi, unaweka PIN, na imeenda.

Ndiyo maana leo somo letu ni la wapiga gitaa. Tutaangalia jinsi ya kuchagua pedali ya efekti nyingi ya bei nafuu, jinsi ya kuijaribu kabla hujalipa, na jinsi ya kulipa ili pesa yako ifike mahali sahihi. Kama hupigi gitaa lakini uko mbioni kununua kinanda, spika au kamera iliyotumika, sehemu za bajeti na malipo zitakufaa vilevile.

Pedali ya efekti nyingi ni nini?

Ni kisanduku kimoja kinachofanya kazi ya pedali nyingi ndogo. Unachomeka gitaa upande mmoja, sauti inatoka upande wa pili ikiwa imebadilishwa: imeongezwa mwangwi, imekwaruzwa, au imefanywa nene zaidi. Ukitaka kununua pedali moja moja, utanunua ya mwangwi, ya kukwaruza, ya korasi, kisha nyaya fupi za kuziunganisha na umeme wa kuzilisha zote. Kwa anayeanza, au anayepiga kanisani na kwenye shoo ndogo ndogo, kisanduku kimoja huokoa pesa na nafasi kwenye begi.

Shida ni kwamba matangazo huhesabu efekti. Hii ina 70, ile ina 100, nyingine 150. Idadi hiyo isikupeleke mbio. Wapiga gitaa wengi huishia kutumia sauti nne au tano. Swali la maana si "ina efekti ngapi?" bali "nitaichomeka wapi, na nitapiga muziki gani?"

Swali la kwanza: sauti yako itatokea wapi?

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi hununua kitu kisichowafaa.

Kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kuchomeka pedali kwenye amplifaya ya gitaa. Ya pili ni kuichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, ile ya kanisani au ya ukumbi. Ya tatu ni kusikiliza kwa hedifoni nyumbani, hasa kama unaishi kwenye ploti na jirani analala mapema.

Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi sauti zote. Kwa kawaida sauti kali zilizo juu ya hetzi 5,000 hivi hupungua sana, na hilo ndilo linalofanya sauti ya kukwaruza isikike tamu. Spika za ukumbi zimetengenezwa kutoa karibu kila kitu, kutoka besi hadi sauti nyembamba kabisa. Ukipeleka sauti ya kukwaruza huko bila kuichuja, utasikia nyuki ndani ya debe.

Dawa yake inaitwa kiigizo cha kabineti. Ni sehemu ya pedali inayoiga jinsi spika ya gitaa inavyochuja sauti. Kama unapiga kanisani au kwenye kumbi zisizo na amplifaya ya gitaa, hakikisha pedali unayonunua ina viigizo vya amplifaya pamoja na kabineti. Kama utatumia amplifaya ya kawaida, hakikisha unaweza kuzima kiigizo hicho, la sivyo sauti itachujwa mara mbili na kufifia kama iliyofunikwa blanketi.

Pedali nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuchagua unapochomeka: amplifaya, au mikisa na hedifoni. Ni mpangilio mdogo unaosahaulika sana. Mtu hurudisha pedali dukani akisema ni mbovu, kumbe ilikuwa imewekwa upande usiofaa.

Jambo lingine dogo: ukitumia kebo moja tu, ichomeke kwenye tundu lenye alama ya L/MONO, kama pedali ina matundu mawili ya kutoa sauti. Ukichomeka upande wa R peke yake, kwenye baadhi ya pedali utapata nusu ya sauti uliyoitengeneza.

Swali la pili: unapiga muziki gani?

Hizi ndizo efekti utakazokutana nazo, na kazi ya kila moja:

- Kompresa: hushusha noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zile hafifu, ili zote zisikike karibu sawa.
- Ovadraivu na distosheni: hukwaruza sauti. Ovadraivu ni ya upole, distosheni ni kali.
- Korasi: hufanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopiga pamoja.
- Dilei: hurudia noti yako kama mwangwi wa bondeni.
- Riverbu: huipa sauti hisia ya chumba au ukumbi mkubwa.
- Wa-wa: huifanya noti iseme kama mdomo unaofunguka na kufungwa. Hutumiwa kwa mguu.
- Geti ya kelele: hufunga sauti wakati hupigi, ili mvumo usisikike.

Sasa zilinganishe na muziki wako. Sikiliza benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, au rumba ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Gitaa ni safi, kila noti imesimama peke yake, na vidole ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Kwa mtindo huo unahitaji sauti safi iliyo nzuri, kompresa, korasi kidogo, na dilei fupi au riverbu. Efekti 40 za distosheni hazitakusaidia chochote kwenye sebene.

Kama unapiga nyimbo za kisasa za kuabudu, dilei na riverbu ndizo moyo wa sauti yako. Tafuta pedali inayokuruhusu kuweka mwendo wa dilei kwa kugonga swichi kwa mguu, na ambayo mwangwi wake haukatiki ghafla ukibadilisha sauti. Kama unapiga roki, basi viigizo vya amplifaya, distosheni na geti ya kelele viwe mbele kwenye orodha.

Kuna hesabu moja ya dilei itakayokusaidia maisha yako yote. Chukua 60,000 ugawe kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500 kwa pigo moja. Nusu yake, 250, ni mwangwi unaoangukia katikati ya mapigo. Wimbo wa mapigo 100 unakupa 600 na 300. Ukiweka namba hizo, mwangwi utacheza na ngoma badala ya kupigana nayo.

Swali la tatu: utaitumiaje kwa mguu?

Nyumbani una mikono miwili na muda. Jukwaani una mguu mmoja na sekunde moja.

Pedali nyingi za bei nafuu zina swichi mbili za mguu: moja ya kwenda mbele, moja ya kurudi nyuma. Hiyo inatosha kama utapanga sauti zako kwa utaratibu. Weka sauti safi namba 1, sauti ya korasi namba 2, ya solo namba 3, kwa mfuatano unaoutumia kwenye nyimbo. Ukitaka kuruka kutoka 1 hadi 7 katikati ya wimbo, swichi mbili zitakusumbua.

Baadhi zina pedali ya kukanyaga kama ile ya gari. Hiyo hutumika kwa wa-wa au kupandisha na kushusha sauti. Kama kanisani unapiga taratibu wakati wa maombi kisha unapanda wakati wa sifa, pedali ya sauti ina thamani kuliko efekti 50 za ziada.

Angalia pia kama inatumia vitufe vya kuzungusha au menyu za skrini. Vitufe ni rahisi kwa mtu asiyependa kubonyeza bonyeza. Menyu hubana mambo mengi kwenye kisanduku kidogo, lakini zinataka uvumilivu. Chagua kulingana na tabia yako, kwa sababu pedali usiyoielewa utaiacha kwenye sauti moja mwaka mzima.

Usisahau stima

Sehemu hii inaweza kukuokolea pesa nyingi kuliko zote.

Umeme wa Kenya ni volti 240, hetzi 50. Japani hutumia volti 100, Marekani 120. Pedali iliyotumika inapotoka huko, adapta yake huenda nayo ni ya huko. Soma maandishi madogo mgongoni. Ukiona "100-240V, 50/60Hz", uko salama, unahitaji tu plagi ya pini tatu. Ukiona "100V" au "120V" peke yake, usiichomeke ukutani. Itaungua, na huenda ikaondoka na pedali.

Upande wa kutoa umeme, kuna mambo manne ya kulinganisha kati ya adapta na pedali:

1. Volti lazima zilingane. Pedali nyingi hutaka volti 9.
2. Aina ya umeme. Nyingi hutaka DC, lakini baadhi za zamani hutaka AC. Hizi mbili hazibadilishani.
3. Mchoro wa duara ndogo wenye alama za kujumlisha na kutoa. Pedali nyingi za gitaa huwa na alama ya kutoa katikati. Adapta nyingi za ruta za intaneti huwa na alama ya kujumlisha katikati. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikawa si sahihi.
4. Miliampea, yaani mA. Adapta iwe na kiasi kinachotakiwa au zaidi. Ikizidi si tatizo, pedali huchukua inachohitaji tu. Ikipungua, pedali itazima au itavuma.

Kama mtaa wenu stima hupotea mara kwa mara, au unapiga kwenye mikutano ya hadhara, pedali inayokubali betri za kawaida za AA ni msaada mkubwa.

Baadhi ya pedali utakazozikuta sokoni

Hatukuchagulii, na bei hubadilika kulingana na duka na thamani ya dola. Lakini hizi ni baadhi ya zinazotajwa sana katika kundi la bei nafuu, na ni vizuri kujua tofauti zake.

Zoom G1 Four ya Japani, iliyotoka mwaka 2019, ni ndogo na nyepesi. Inaruhusu hadi efekti tano kwa wakati mmoja, ina midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi na lupa ya kurekodi kipande na kukirudia. Inatumia betri nne za AA au adapta. Ndugu yake, G1X Four, ni ileile ikiwa na pedali ya kukanyaga. Inamfaa anayeanza na anayefanya mazoezi nyumbani.

Boss GT-1, pia ya Japani, ilitoka mwaka 2016. Ina efekti 108, pedali ya kukanyaga, betri nne za AA, na inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa USB ili kurekodi. Kwa kuwa imekuwa sokoni kwa miaka mingi, ni miongoni mwa zinazoweza kupatikana zikiwa zimetumika.

Boss ME-80 ni kubwa zaidi na imejaa vitufe vya kuzungusha. Unaona kila kitu mbele yako, kama pedali ndogo zilizopangwa mstari. Anayechukia menyu ataifurahia. Bei yake kwa kawaida huwa juu ya mbili za kwanza.

NUX MG-300 ya China ina pedali ya kukanyaga na USB, na inakuruhusu kupakia faili za kuiga kabineti kutoka kwa kompyuta. Kwa anayechomeka kwenye mikisa, hiyo ni faida kubwa. Haitumii betri, kwa hivyo adapta sahihi ni lazima. Mooer na Valeton, pia za China, zina pedali za kundi hilohilo.

Dakika 20 za kujaribu

Nenda na gitaa lako na kebo yako. Gitaa la dukani linaweza kukudanganya kwa uzuri au ubaya wake. Kama pedali imetumika, mwombe mwenyewe akupe nafasi ya kufanya haya:

1. Iwashe na uiache iwake muda wote wa majaribio. Baadhi ya kasoro huonekana ikipata joto.
2. Kanyaga kila swichi mara 20. Ikiruka sauti mbili kwa kukanyaga mara moja, au ikikataa, swichi imechoka.
3. Tikisa kebo taratibu kwenye kila tundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea.
4. Zungusha kila kitufe polepole. Ukisikia mkwaruzo au namba zikiruka, kuna vumbi au uchakavu.
5. Kanyaga pedali ya sauti kutoka chini hadi juu. Ipande bila kurukaruka, na chini ifike kimya kabisa kama imewekwa hivyo.
6. Angalia skrini yote. Mistari iliyokufa haiponi yenyewe.
7. Anza na sauti safi kabisa, bila efekti. Kama sauti safi haikupendezi, mwangwi hautaificha.
8. Jaribu hedifoni, kisha spika.
9. Unganisha USB na kompyuta kama inawezekana. Bila USB inayofanya kazi, huenda usiweze kusasisha programu yake.

Muulize muuzaji alikoinunua, na kama ana risiti au sanduku. Kununua kitu ukijua kimeibwa ni kosa la jinai, na polisi hawatakuuliza ulipata bei poa kiasi gani. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukimwuliza swali hilo.

Bei ya pedali si bei yote

Hebu tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako.

Una akiba ya shilingi 20,000. Adapta sahihi, 1,500. Kebo nzuri, 1,000. Nauli au mtu wa boda, 500. Ada za muamala na vitu vidogo vidogo, 500. Akiba ya dharura, ili wiki ijayo usikope unga, 1,500. Jumla ni 5,000. Kwa hivyo bajeti yako ya pedali ni 15,000, siyo 20,000. Ukiingia dukani na namba 20,000 kichwani, utatoka na pedali isiyo na adapta.

Ukiagiza kutoka nje, bei unayoiona kwenye tovuti haijamaliza. Kuna usafirishaji, VAT ya asilimia 16, na ada nyingine za forodha. Mwambie wakala wa mizigo akupe bei ya mpaka mkononi kabla hujalipa chochote.

Je, ukope? Tuseme unakopa 20,000 na gharama yake ni asilimia 8 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ni 1,600. Ukichelewa mwezi mmoja zaidi kwa masharti hayohayo, ni 3,200. Kama shoo moja inakulipa 2,000, utakuwa umepiga zaidi ya shoo moja na nusu kwa ajili ya mkopo peke yake. Ukiweka 1,250 kila wiki, wiki 16 zinakupa 20,000 bila deni. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni chako chote.

Kukopa kunaweza kuwa na maana kama pedali itakuletea kipato unachokijua. Mfano, kama unakodi amplifaya kwa 1,000 kila shoo, na kumbi zako zina mikisa na spika za kujisikia, pedali yenye kiigizo cha kabineti inaweza kuchukua nafasi yake. Shoo 15 zinarudisha 15,000. Lakini hesabu shoo ulizokwisha kubaliana, usihesabu zile za ndoto.

Sasa lipa, lakini lipa kwa utaratibu

Kanuni kuu ni moja: ona, jaribu, kisha tuma. Pesa iondoke kwenye simu yako ukiwa umeshika pedali.

Ukinunua dukani, lipa kwa namba ya Till au Paybill ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linaloonekana kwenye skrini. Lifanane na duka ulilosimama ndani yake. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba, na uongeze ya kutolea", ujue unatuma kwa mtu binafsi, si kwa akaunti ya biashara. Si lazima awe mwizi, lakini duka likikataa kesho kwamba lilikuuzia, utakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha.

Ukinunua kwa mtu uliyempata mtandaoni, kutaneni mahali penye watu na penye umeme, mchana. Usiende na pesa taslimu, na usimwonyeshe salio lako. Jina kwenye skrini lilingane na jina alilokupa. Akisema "hiyo ni namba ya shemeji yangu", simama kwanza uulize.

Kama muuzaji yuko mji mwingine, mnunuzi huambiwa: "Tuma kwanza, mzigo uingie kwenye matatu ya jioni." Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Fanya hivi badala yake. Mwombe video fupi ya pedali ikiwaka, kando yake kuwe na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Picha za kuiba mtandaoni haziwezi kufanya hivyo. Kisha tafuta rafiki au fundi katika mji huo aende kuiona, au tumia huduma ya mizigo inayokubali ulipe unapopokea. Akikataa yote hayo na bado anakuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, mwache huyo mtu mwingine aichukue.

Mambo mengine ya kukumbuka:

- Ujumbe wa uthibitisho ni risiti yako. Usiufute. Omba pia risiti ya karatasi yenye modeli na namba ya mfululizo ya pedali.
- Kama ni malipo ya awali, andikianeni ujumbe unaosema kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na kama malipo hayo yanarudishwa mkibadilisha nia.
- Kurudishiwa muamala kunakusudiwa pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi, si bidhaa isiyokupendeza. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, ajenti wala mfanyakazi wetu anayepaswa kuiuliza.

Unapouza pedali yako ya zamani

Wengi huuza ya zamani ili waongeze pesa ya mpya, na hapa wewe ndiwe muuzaji. Mnunuzi atakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: "Nimetuma, ona." Usiangalie simu yake. Angalia yako, na usitosheke na ujumbe pekee, kwa sababu ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka namba ya kawaida. Fungua salio. Salio likiwa limeongezeka, mpe pedali. Lisipoongezeka, subirini pamoja.

Mtu akikupigia baadaye akisema ametuma pesa zaidi kimakosa na anaomba umrudishie haraka, fungua salio kwanza. Kama pesa imeingia kweli, mwelekeze afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.

Wiki ya kwanza na pedali mpya

Usianze na sauti 100 za kiwandani. Nyingi zimetengenezwa kumvutia mtu dukani kwa dakika mbili, zikiwa na mwangwi mwingi unaopotea ukiingia kwenye bendi.

Tengeneza sauti tatu zako: safi, ya kukwaruza kidogo, na ya solo. Panga efekti kwa mfuatano wa kawaida: kompresa kwanza, kisha ovadraivu, kiigizo cha amplifaya na kabineti, korasi, dilei, na riverbu mwisho. Kisha linganisha ukubwa wa sauti. Ya solo iwe juu kidogo tu ya nyingine, ili usimshtue fundi wa mitambo. Fanya ulinganisho huo kwa sauti kubwa, ukumbini, kabla ya ibada au shoo, kwa sababu masikio husikia besi tofauti sauti ikiwa ndogo.

Ukishamaliza, hifadhi sauti hizo, na kama pedali ina programu ya kompyuta, weka nakala huko. Halafu funga menyu, upige gitaa.

Kabla ya kununua, piga picha orodha hii uiweke kwenye simu: itachomekwa wapi, sauti gani tatu ninazihitaji, adapta inalingana, nimeijaribu dakika 20, jina kwenye skrini ni sahihi. Majibu yote matano yakiwa ndiyo, weka PIN.